Korodani isiyoshuka na kivimbe kisichouma: jinsi ya kuvitambua mapema

Nina kovu moja kinenani, upande wa kulia, lililopasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 12: korodani iliyogoma kushuka ikavutwa na kuwekwa mahali pake. Mara ya pili nilikuwa na miaka 31: korodani hiyohiyo ikatolewa kupitia palepale, kwa kuwa ilikuwa imeota saratani. Miaka minne baadaye mke wangu akajifungua mtoto wa kiume. Muuguzi alipomvua nguo ili ampime uzito, wenzangu waliangalia mizani. Mimi niliangalia mfuko wake. Upande wa kulia ulikuwa bapa.

Kwa hiyo haya nimeyapitia nikiwa mtoto, nikiwa mgonjwa na nikiwa baba. Udaktari sina, mimi ni seremala, na ninachoweza kukupa ni namna ya kukagua, wakati wa kwenda hospitali, na maneno ya kusema ukifika.

Tuanze na hayo maneno. Wengine husema kende, wengine kokwa, pumbu, mayai. Hapa nitasema korodani kwa lile tufe lenyewe, na mfuko kwa ile ngozi inayolibeba. Mbele ya daktari tumia neno lolote unaloliweza, mradi usiseme "huku chini". Mimi nilisema "nina shida huku chini", nikatoka na dawa za njia ya mkojo za wiki mbili bila mtu kunigusa.

Safari ya korodani

Korodani hazianzi maisha pale tunapoziona. Mimba ikiwa changa huumbika ndani ya tumbo, nyuma kabisa, jirani na figo. Kutoka hapo kila moja huteremka ikiongozwa na kamba laini. John Hunter, daktari mpasuaji wa Uskoti aliyeishi karne ya 18, aliiita kamba hiyo gubernaculum, neno la Kilatini lenye maana ya usukani wa chombo, na madaktari bado wanaiita hivyo. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito korodani hupenya njia nyembamba ya kinena, na kwa kawaida kufikia wiki ya 35 zote mbili zimeshatua mfukoni.

Ndiyo maana mtoto njiti mara nyingi huzaliwa safari haijaisha. Kati ya wavulana 100 waliotimiza miezi, kama 3 huzaliwa na korodani isiyoshuka. Kwa njiti idadi inaweza kufika 30. Nyingi hujiteremkia zenyewe katika miezi ya mwanzo, maana mtoto mchanga wa kiume hupata wimbi la homoni za kiume akiwa na mwezi mmoja hadi mitatu. Baada ya miezi 6 wimbi hilo limepita, na isiyoshuka kufikia hapo haielekei kushuka tena.

Kwa nini ishuke? Kwa sababu ya joto. Korodani inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na mfuko umening'inizwa nje kwa kazi hiyo. Ikibaki juu, seli zitakazokuja kutengeneza mbegu huanza kupungua kabla hata mtoto hajatimiza mwaka.

Usiisahau safari hii, kwa sababu tutairudia. Korodani iliposhuka kutoka kwenye figo ilishuka na mishipa yake yote, ya damu na ya limfu, yale majimaji ya mwilini yanayochujwa na tezi. Saratani ikitaka kusambaa hupanda kwa njia ileile: inakwenda kwenye tezi zilizo kando ya mshipa mkubwa wa tumboni, usawa wa figo. Kwa kawaida haileti mtoki kinenani. Mimi nilikaa wiki kadhaa nikijibonyeza kinena kila usiku, sipati mtoki, najiambia basi si kitu kibaya. Nilikuwa nikibisha mlango wa nyumba nyingine.

Kumkagua mtoto

Kinachotakiwa ni mkono wenye joto na mtoto aliyetulia. Kuna msuli unaoivuta korodani juu mtoto akihisi baridi, akiogopa, au akiguswa tu paja kwa ndani. Ukiingia na vidole vya baridi utakuta mfuko mtupu kwa mtoto asiye na tatizo lolote. Fanya baada ya kumwogesha, chumba kikiwa na joto. Mlaze chali, magoti yamekunjwa na kufunguka kama chura.

Angalia kabla ya kugusa. Upande wenye korodani umejaa na ngozi yake ina mikunjo. Upande usiowahi kukaliwa huwa bapa, laini, kama mfuko wa suruali mpya. Kwa mwanangu hilo lilionekana tangu mlangoni.

Sasa paka sabuni au mafuta kidogo kwenye vidole. Weka vidole vya mkono mmoja karibu na mfupa wa nyonga, kisha vitelezeshe polepole kwa kufuata kinena kuelekea mfukoni, kama mtu anayekamua dawa ya meno iliyobaki mkiani mwa tyubu. Mkono wa pili unasubiri juu ya mfuko. Korodani ya mtoto mchanga ni ndogo kama haragwe, ina utelezi, na hukimbia chini ya vidole. Ukiipata, ishushe taratibu bila kuivuta kwa nguvu, ishikilie mfukoni kwa muda hadi ule msuli uchoke, halafu iachie.

Hapo ndipo jibu lilipo. Ikibaki imetulia mfukoni, hiyo ni korodani inayojificha. Haihitaji upasuaji, ila daktari aiangalie kila mwaka hadi mtoto abalehe, kwa kuwa baadhi yake hupanda moja kwa moja mtoto anaporefuka. Ikiruka kurudi kinenani mara tu unapoiachia, haijashuka. Na usipoipata kabisa, huenda iko ndani ya tumbo, au haipo.

Kijana mkubwa kidogo mwambie achuchumae au akae amekunja miguu, kwani mkao huo huulegeza msuli. Mweleze unatafuta nini. Akikataa, mwachie daktari. Halafu muulize jambo jepesi: ukioga maji ya moto unaziona zote mbili? Wengi wanajua jibu, hawajawahi kuulizwa tu.

Kalenda ni fupi. Miezi 6 ikifika na korodani haipo mfukoni, omba rufaa kwa mpasuaji wa watoto. Kwa njiti, hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Upasuaji wenyewe ufanyike kabla hajatimiza miezi 18. Mama yangu aliambiwa "itashuka yenyewe akikua". Hakuwa mzembe. Alirudi kuuliza mara tatu, akajibiwa hivyo mara tatu, hadi mwalimu wa michezo aliponiona nimeshika kinena baada ya kupigwa mpira.

Mambo mawili hayasubiri kalenda hiyo. La kwanza ni mtoto aliyezaliwa ambaye korodani zote mbili hazipapasiki, hata kama uume wake unaonekana umekamilika. Huyo achunguzwe siku hiyohiyo. Anaweza kuwa msichana ambaye tezi zilizo juu ya figo zilitoa homoni za kiume kupita kiasi akiwa tumboni, na baadhi ya watoto hao hupoteza chumvi mwilini na kufa ndani ya wiki chache wasipotibiwa. La pili ni korodani isiyoshuka inayoambatana na tundu la mkojo lililokaa chini ya uume badala ya kwenye ncha. Huyo pia anahitaji vipimo vya damu vya homoni na kromosomu kabla mtu hajasema lolote kwa uhakika.

Nikiwa hapo kwenye tundu: hata likiwa peke yake, korodani zote zikiwa mahali pake, mtoto asitahiriwe kwanza. Ile govi ndiyo ngozi ambayo mpasuaji ataitumia kutengeneza njia mpya ya mkojo. Ikishakatwa na kutupwa, fundi amenyimwa kitambaa.

Kuhusu ultrasaundi kwa mtoto wa namna hii, usiikimbilie. Huikosa korodani iliyo tumboni, na hata ikiiona haibadilishi mpango. Vidole vya mpasuaji mzoefu huzipata kama 8 kati ya 10 za hizi zisizoshuka. Zilizobaki hutafutwa kwa kamera ndogo inayopitishwa kitovuni mtoto akiwa amelazwa usingizi. Sindano za homoni za kuishusha zilikuwa na wafuasi wengi zamani. Miongozo ya sasa haizipendekezi.

Upasuaji wa mwanangu

Alikuwa na miezi 10. Nusu kaputi, mkato wa upana wa vidole viwili kinenani na mwingine mdogo mfukoni. Mpasuaji alinichorea kwenye karatasi: korodani mara nyingi hukaa pamoja na kifuko cha ngiri ambacho hakikufunga baada ya safari, kwa hiyo kwanza kifuko hicho kinatenganishwa na kufungwa, mishipa inalegezwa ipate urefu, kisha korodani inawekwa kwenye kijumba kati ya ngozi ya mfuko na msuli wake mwembamba. Jioni tulikuwa nyumbani. Tuliambiwa kwa wiki mbili asikalishwe kwenye kitu cha kupanda kwa kutanua miguu, tumpe dawa ya maumivu kwa saa walizoandika, na turudi haraka pakiwa na homa, usaha au uvimbe unaozidi. Aliamka akataka kunyonya. Aliyeshindwa kulala ni mimi.

Upasuaji huu unasaidia nini? Uzazi, kwanza. Mwenye korodani moja isiyoshuka huzaa karibu sawa na wengine, takriban 9 kati ya 10. Zikiwa mbili, hupungua hadi kama thuluthi mbili, na kuchelewa hakusaidii. Pili, saratani. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wanaume karibu 17,000 waliofanyiwa upasuaji huu kati ya 1964 na 1999. Waliofanyiwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari ya saratani ya korodani kama mara mbili ya watu wengine. Waliofanyiwa wakiwa na miaka 13 au zaidi, zaidi ya mara tano. Mimi nilikuwa na 12, nimeshika ukingo, na bado ikanipata. Upasuaji hupunguza hatari bila kuifuta. Kinachobadilika kabisa ni kwamba sasa korodani iko mahali ambapo mkono unaweza kuifikia.

Kujikagua mwenyewe

Niseme ukweli kabla ya kukufundisha. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilisema wanaume wasio na dalili wasihimizwe kujikagua kama zoezi la kudumu, maana saratani hii ni adimu na hata ikichelewa kugunduliwa mara nyingi hupona, wakati hofu na vipimo visivyo vya lazima vina madhara yake. Kwa mtu asiye na historia yoyote sibishani nao. Ila wewe uliyezaliwa korodani ikiwa juu, au kaka yako aliugua (hatari ya mara 8 hadi 10), au baba yako (mara 4 hadi 6), au uliwahi kutolewa moja, hesabu yako ni nyingine. Na hata asiye na historia anapaswa kujua korodani yake ya kawaida ikoje, kama anavyojua meno yake. Hii ni saratani ya vijana. Hupenda zaidi wenye miaka 15 hadi 40, umri ambao mtu haendi hospitali hata akisukumwa.

Baada ya kuoga maji ya moto, simama. Chukua korodani moja kwa wakati. Dole gumba juu, kidole cha shahada na cha kati chini, kisha iviringishe polepole katikati ya vidole, mbele, pembeni, juu, chini. Ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 4 hadi 5, ngumu kiasi, nyororo kama yai la kuchemsha lililomenywa. Nyuma yake utagusa kitu laini kilichojisokota kama uzi uliokunjwa. Usishtuke: hiyo ni epididimisi, mrija ambamo mbegu hukomaa, na imewapeleka wengi hospitali wakidhani ni uvimbe. Kutoka hapo kuna kamba inayopanda kuelekea kinenani, nayo ni ya kawaida. Moja kuning'inia chini kuliko nyingine, mara nyingi ya kushoto, ni kawaida. Kutofautiana kidogo kwa ukubwa, kawaida. Iliyoshushwa kwa upasuaji mara nyingi ni ndogo kuliko mwenzake.

Siku ya kwanza hutafuti ugonjwa. Ni kama kupitisha kiganja juu ya ubao uliopigwa randa vizuri: ukishaujua ulaini wake, mkwaruzo wa siku nyingine utauhisi bila kuutafuta.

Kivimbe changu kilikuwa kama punje ya mchele mbichi iliyobandikwa upande wa mbele. Kigumu. Hakisogei juu ya korodani, kinasogea pamoja nayo. Nilikibonyeza, hakikuuma. Nikakibonyeza tena kesho yake, hakikuuma. Kutouma ndiko kulikonidanganya wiki saba nzima, kwa kuwa kichwani mwangu ugonjwa ni maumivu. Kwenye korodani sheria hii imepinduka: kigumu kisichouma ndicho cha kukimbiza.

Dalili nyingine ni korodani kuwa nzito au kubwa kuliko ulivyoizoea, kuvuta kwa mbali kinenani au chini ya kitovu, na maji kujaa mfukoni ghafla. Matiti kuuma au kuvimba pia yamo, na watu hucheka, lakini baadhi ya vivimbe hivi hutoa homoni ileile ya ujauzito. Maumivu ya mgongo yasiyoisha nayo yamo, na wewe sasa unajua ni kwa nini.

Kwa uvimbe wa mfuko mzima kuna jaribio la tochi. Zima taa, weka tochi ya simu nyuma ya mfuko. Busha likiwa ni maji, litang'aa jekundu kama taa ya kandili. Kitu kigumu kitakaa cheusi. Lakini jaribio hili halimwachii mtu huru. Wakati mwingine maji hujikusanya kuzunguka uvimbe wenyewe, na ukifurahia mwanga umeukosa uliojificha ndani. Busha la kijana lililokuja bila sababu lipimwe kwa ultrasaundi.

Mengine niyapitie haraka. Uvimbe unaorudi ndani ukilala na kutokeza ukikohoa ni ngiri. Mkusanyiko laini kama minyoo mingi juu ya korodani ya kushoto, unaopungua ukilala, ni mishipa ya damu iliyovimba; ukiwa kulia peke yake, au usipopungua ukilala, usiuache. Kitufe cha duara kilichojitenga nyuma ya korodani, kinachopitisha mwanga, kwa kawaida ni kifuko cha maji cha epididimisi. Maumivu yanayokua kwa siku kadhaa pamoja na homa na mkojo kuchoma ni maambukizi.

Maumivu makali ya ghafla, yanayotapisha, korodani ikiwa imepanda juu, ni jambo jingine kabisa. Korodani imejisokota na kukata damu yake, na una kama saa 6 za kuiokoa. Ondoka sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Isiyoshuka pia huweza kujisokota: mtoto mwenye mfuko mtupu akilia kwa maumivu ya kinena, hiyo ndiyo dharura yenyewe.

Ukifika kwa daktari

Andika kwenye simu, usome kama ilivyo: "Nina kivimbe kigumu kisichouma kwenye korodani ya kulia. Nilikihisi mara ya kwanza tarehe fulani. Korodani hiyo haikushuka utotoni, ilishushwa nikiwa na umri fulani. Naomba nipapaswe na nipimwe ultrasaundi." Sentensi hizo zilinifikisha mahali ambapo "huku chini" haikuweza. Ukiandikiwa antibayotiki kwa kudhaniwa una maambukizi, kubali, lakini weka tarehe: wiki mbili zikiisha na uvimbe uko vilevile, ultrasaundi haina mjadala.

Ultrasaundi haiumi. Dada aliyenipima alikuwa akinisimulia habari za mvua, akanyamaza katikati ya sentensi, akaenda kumwita mkubwa wake. Kwenye kioo niliona doa jeusi ndani ya korodani ya kijivu, milimita 14. Nilijua kabla hawajaniambia.

Baada ya hapo kuna mambo matatu ya kuhakikisha, na uulize bila aibu.

Damu ichukuliwe kabla ya upasuaji kwa vipimo vya AFP, beta-hCG (ile homoni ya ujauzito) na LDH, vitu ambavyo baadhi ya vivimbe hivi huvipandisha kwenye damu. Ndivyo vitakavyolinganishwa na vya baadaye: uvimbe ukishatoka wote, AFP hupungua nusu kila siku 5 hadi 7, na hCG kila siku moja hadi tatu, zisiposhuka hivyo, kuna kilichobaki mahali. Vyangu vyote vilikuwa vya kawaida, na hiyo pia si hati ya kuachiwa, maana vivimbe vingi havitoi chochote kwenye damu. Rafiki yangu alisoma kuhusu hCG akaniletea kipimo cha mimba cha kukojolea. Tulicheka. Usikitumie kujipima.

Pili, sindano isichomwe kupitia mfukoni kuchukua nyama ya kupima. Hapa turudi kwenye safari. Limfu ya korodani hupanda hadi usawa wa figo, lakini ya ngozi ya mfuko huenda kinenani. Ukitoboa ngozi hiyo na kuingia kwenye saratani, umeifungulia barabara ambayo haikuwa nayo. Njia sahihi ni kupasua kinena, kubana kamba ya korodani kwanza, kisha kuitoa nzima kwa juu. Ikitoka ndipo hukatwa na kusomwa maabara. Kwa wengi upasuaji huo mmoja ndio kipimo na ndio tiba.

Tatu, kuhifadhi mbegu. Uliza kabla ya upasuaji, na kwa vyovyote kabla ya kemotherapi, yaani dawa za kuua saratani, au mionzi. Hugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na hukaa miaka. Mimi niliona haya kuuliza. Aliyeuliza ni mke wangu, mbele ya wanafunzi sita wa udaktari.

Utaulizwa pia kama unataka korodani bandia ya silikoni ijaze pengo. Nilikataa, sijajuta. Jirani yangu wa wodini aliitaka, naye hajajuta.

Baada ya majibu

Karibu saratani zote za korodani hutokana na seli za kutengeneza mbegu, na zimegawanyika mafungu mawili: seminoma, ambayo mara nyingi huenda polepole, na zisizo seminoma, zinazokimbia zaidi. Yangu ilikuwa seminoma ya hatua ya kwanza, haijatoka kwenye korodani. Nilipewa njia tatu: kufuatiliwa tu, dozi moja ya karboplatini, dawa ya kemotherapi, au mionzi. Nilichagua kufuatiliwa. Kati ya 100 kama mimi, 15 hadi 20 hurudiwa, wengi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, na karibu wote hupona kwa dawa. Ila kufuatiliwa kunataka nidhamu: siti skani na damu kwa ratiba, hata ukijisikia mzima kama chuma. Kama unajijua hutarudi, mwambie daktari mapema, achague pamoja nawe njia nyingine.

Iliyosambaa nayo ina dawa. Katika miaka ya 1960 maabara ya Barnett Rosenberg, Chuo Kikuu cha Michigan State, iligundua kwa bahati kwamba platini kutoka kwenye vipande vya kupitishia umeme ilizuia bakteria kugawanyika. Kutokana na hilo ikaja dawa ya saratani iitwayo sisplatini. Mwaka 1974 Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana akaanza kuichanganya na dawa nyingine mbili kwa wagonjwa ambao zamani wengi wao wangekufa, na wengi wakapona. Marekani iliiidhinisha mwaka 1978. Palipo na matibabu kamili, wagonjwa wa saratani hii wa hatua zote kwa jumla, takriban 95 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano.

Korodani moja nzima inatosha kwa homoni na kwa watoto. Ukijisikia mchovu wa kudumu au hamu imekata, omba kipimo cha testosteroni, usijitibu. Na iliyobaki usiisahau, kwa sababu kama 2 kati ya 100 hupata saratani upande wa pili miaka ya baadaye. Mimi huikagua tarehe mosi ya kila mwezi, dakika mbili.

Jambo moja limebaki. Nimekutana na wanaume wawili kliniki waliokuwa na kovu kinenani na hawakujua ni la nini. Wazazi hawakuwaambia, na hakuna karatasi iliyobaki. Daktari akawauliza kama walizaliwa korodani ikiwa juu, wakanyanyua mabega. Kwenye daftari la kliniki la mwanangu, ukurasa wa nyuma, nimeandika kwa kalamu ya wino: "Korodani ya kulia. Ilikutwa kinenani. Imeshushwa akiwa na miezi 10. Baba: seminoma, kulia, miaka 31. Akibalehe afundishwe kujikagua." Chini yake nimeacha nafasi ya tarehe.